Riwaya zetu za kihistoria: siri haiko kwenye sanduku, iko kwenye posa

Kuna maneno yanarudiwa sana na wachapishaji, na wauza vitabu nao wameyadaka, kwamba msomaji wa Kiswahili hapendi mambo ya zamani, ukimletea riwaya ya kihistoria anaiona kama kitabu cha shule, ye anataka mapenzi, fumanizi na uchawi kidogo basi. Mi hilo silikubali hata kidogo. Ingia nyumba yoyote ya uswahilini usiku uone watu wamekaa mbele ya nini, ni tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na shangazi yako ambaye ukimuuliza mambo ya Majimaji anakwambia hayo alishayasahau, huyo huyo anakuhesabia masuria wa sultani mmoja mmoja, nani kamzalia nani, nani kamtilia mwenzie sumu, mtoto yupi si wa yule baba anayedhaniwa. Sasa hiyo kama si historia ni nini? Tena ni historia ya nchi ya watu, ya mamia ya miaka huko nyuma, na hakosi hata usiku mmoja.

Kinachoniuma ni kwamba sultani tulikuwa naye hapa hapa, jumba lilikuwepo, masuria walikuwepo, na stori ilikuwepo kubwa kuliko hizo zinazotoka nje. Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto makumi kwa makumi na karibu wote walikuwa wa masuria, na mmoja wao ni Salme, mama yake Jilfidan alikuwa suria Mcherkesi aliyeletwa kutoka huko Kaukasi. Salme alijifundisha kuandika kwa kujificha kwa sababu mtoto wa kike hakutakiwa kujua kuandika, na mwaka 1859 kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao mwingine Majid, huyu binti wa miaka kama kumi na tano ndo alikuwa karani wa njama, anaandika barua za siri. Njama ikafeli. Miaka michache baadae akapendana na jirani, mfanyabiashara wa Kijerumani kutoka Hamburg, Heinrich Ruete, nyumba zao zilikuwa zinatazamana darini kama ilivyo kule Mji Mkongwe mpaka leo, akashika mimba, na Agosti 1866, siku za mwaka kogwa ambapo wanawake wanashuka pwani kuoga, akapanda manowari ya Waingereza akakimbilia Aden. Akabatizwa, akaitwa Emily, akaolewa 1867, na mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu huko Hamburg akamwachia watoto watatu wadogo kwenye nchi ya baridi ambayo hana hata ndugu mmoja.

Ukitaka mapenzi yamo, siri ya familia imo, kuhangaika kubaki hai kumo, vyote kwenye maisha ya mtu mmoja. Lakini mi kinachonivuta zaidi sio hayo. Ni kwamba kumbukumbu zake mwenyewe alizozitoa mwaka 1886 kwa Kijerumani zinaeleza jumba la Mtoni mpaka harufu yake, zinaeleza ndugu, sikukuu, mavazi, ugomvi wa akina mama, ila ukifika kwenye mapenzi anapita mbio mbio na ile mimba haimo kabisa. Mwanamke aliyevunja kila kitu bado kuna jambo moja hakulisema. Na pili, mwaka 1885 aliporudi Zanzibar akiwa na manowari za Wajerumani nyuma yake, na tena 1888, dai lake lilikuwa nini? Mirathi. Anataka fungu lake la urithi, na Barghash, ambaye zamani Salme ndo alimwandikia barua zake za njama, hiyo 1885 hakutaka hata kumwona uso.

Hapo kwenye mirathi ndo kwenye hoja yangu. Riwaya za kihistoria za siku hizi, hizi zinazouzwa dunia nzima, zina mtindo mmoja umeenea mno: bibi anafariki, mjukuu anapanda darini anakuta sanduku, ndani kuna barua zimefungwa utepe, picha ya mwanajeshi asiyemjua, basi kuanzia hapo sura moja ya leo sura moja ya zamani mpaka siri itoke. Sina ugomvi nao, kwao unafanya kazi kwa sababu kwao siri za watu wa kawaida zilikaa kwenye karatasi, kulikuwa na posta, kulikuwa na vyeti vya kanisa, kulikuwa na dari la kuhifadhia. Ila nikiona mwandishi wetu kijana anauleta huo mtindo Tanga au Lamu au Pemba, na sanduku lake, na barua zake, naona kabisa kaazima nyumba ya watu. Kwetu siri ya familia hutoka kwenye posa, mirathi na msiba. Sanduku likiwepo basi lina kanga za bibi.

Nikisema posa simaanishi sherehe. Fikiria jinsi posa inavyokwenda, mshenga anakuja, anapokewa vizuri, maji yanaletwa, halafu watu wakishaondoka ndo kazi inaanza, wazee wanakaa wanaulizana, huyu kijana ni wa nani, baba yake tunamjua, na baba wa baba yake je, alitokea wapi, alikuja na nani, mbona huko Makunduchi hawamjui, mbona kaburi la bibi yake liko peke yake. Anatafutwa bibi mmoja mzee mwenye kumbukumbu, somo aliyewacheza wanawake wa mtaa mzima, ambaye anajua nani aliingia nyumba ya bwana akiwa amenunuliwa na akatoka akiwa mama wa watoto. Huo ni upelelezi kamili, hauhitaji inspekta. Mapenzi ya vijana wawili ndo yanayoufungua faili ambalo lingekaa limefungwa milele, maana kama wasingependana hakuna mtu angekuwa na sababu ya kuuliza. Kwa hiyo kwenye riwaya ya pwani mapenzi na siri ya ukoo sio vitu viwili vilivyowekwa pamoja ili kitabu kinoge, kimoja ndo kinamsukuma mwenzie. Mwandishi anayelijua hili hana haja na barua za utepe.

Na kwa nini faili lilifungwa? Hapa ndo historia yenyewe inaingia, na sio ile ya tarehe za vita. Utumwa kisheria ulifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, ila ile amri ilikuwa na tundu, masuria hawakuhesabiwa, walichukuliwa kama wake wa nyumba, mpaka amri ya 1909 ndo nao wakaingizwa. Upande wa pwani ya Kenya ni 1907, Tanganyika kabisa kabisa ni 1922 chini ya Waingereza. Yaani kuna mtu aliyezaliwa mtumwa Tanganyika ambaye angeweza kabisa kuuona uhuru wa 1961 na kuwabeba wajukuu zake mgongoni. Huyo sio mtu wa vitabuni, ni bibi wa watu tunaowajua, na hao watu hawajaambiwa.

Kwa sheria ya dini mtoto ambaye suria kamzalia bwana wake ni huru na anarithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa, na mama yake bwana akifa anakuwa huru. Kwenye karatasi safi. Kwenye maisha ndugu wa ndoa wana ulimi, wana mawakili, wana mashahidi wa kusema yule mama hakuwahi kuwa wa bwana mkubwa, alikuwa mpishi tu. Kwa hiyo nasaba haikuwa suala la fahari peke yake, ilikuwa ni shamba la karafuu, ni nyumba, ni nani anaruhusiwa kukaa baada ya arobaini ya marehemu. Asiyelishika hili ataandika siri ya familia kama aibu tu, watu wanalia chumbani, wakati kwa ukweli aibu ilikuwa na hati ya shamba nyuma yake.

Halafu waliotoka utumwani walifanya jambo ambalo mi naliona ni la kishujaa ingawa hakuna aliyewajengea sanamu, walijibadilisha. Wanawake waliacha kaniki wakavaa kanga za rangi, wakavaa buibui kama mabibi zao wa zamani. Watu wakabadilisha na jina la kabila, angalia sensa za Zanzibar za 1924 na 1931, kati ya hapo idadi ya wanaojiita Waswahili inaporomoka vibaya mno na idadi ya Washirazi, yaani wanaosema asili yao ni Uajemi, inapanda, watu hawakufa na wala hawakuhama, walijibu swali la karani kwa namna nyingine. Na wakati wa Vita vya Pili mgawo wa chakula ulipokuja kutolewa kwa kufuata kabila, jibu lako kwa karani likawa ndo linaamua unachokula. Sasa kwenye hali hiyo bibi anayewaambia wajukuu sisi ni watu wa Shirazi na kufunga mdomo, huyo ni mwongo au ni mtu anayelinda nyumba yake? Riwaya dhaifu inamfanya adui, inasubiri sura ya mwisho ukweli utoke watu wakumbatiane. Riwaya nzuri inakaa nae kwanza.

Mfano wa zamani wa kazi iliyolijua hili ni Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya 1976. Watu wengi wanaikumbuka kama hadithi ya binti aliyeteseka, sawa, kateseka, lakini tazama kimefanyika nini. Rehema ni mtoto wa Fuad, mtu mwenye mali, na baba anamkataa kwa sababu ya weusi wa ngozi yake. Weusi wenyewe ni ushahidi unaotembea, unasema kwenye damu ya hii nyumba kuna mtu hatumtaji. Baadae anampata Sulubu, mkulima, mtu wa jembe, na hayo mapenzi yao ni katika mapenzi yaliyoandikwa vizuri kabisa kwa Kiswahili kwa sababu hayana maneno mengi, yana kazi. Halafu mgogoro mkubwa wa mwishoni ni wa nini? Ni shamba la urithi. Mwandishi hakuhitaji kutuhubiria kuhusu ubaguzi, alituonyesha binti aliyenyimwa jina la baba anavyokuja kunyimwa na ardhi ya baba, na ni jambo lile lile.

Gurnah nae, mzee wetu aliyepata Nobel mwaka 2021, ana riwaya yake ya 2005 iitwayo Desertion ambayo ukiisoma kwa jicho la posa inafunguka yote. Mwaka 1899 kwenye mji mdogo wa pwani ya Kenya anaokotwa Mzungu hoi, anaitwa Pearce, na Hassanali mwenye duka anampeleka kwake, na dada yake Hassanali, Rehana, anaishia kuishi na yule Mzungu Mombasa, kisha Mzungu anaondoka. Zinapita zaidi ya nusu karne. Zanzibar ile ya kabla ya uhuru kijana Amin anampenda Jamila, wazazi wa Amin wanagundua, na kinachowakataza wasioane ni nini, Jamila ni mjukuu wa Rehana. Basi. Bibi kapenda mwaka 1899 mjukuu analipa miaka sitini baadae, na hakuna aliyekaa mahakamani kutoa hukumu, ni maswali tu yale ya wazazi, huyo ni wa watu gani. Mi napenda pia kwamba mwandishi hakuwapa Amin na Jamila ujasiri wa uongo. Amin anatii. Msomaji wa leo anakasirika, anasema ningekuwa mimi ningetoroka, ila we ungekuwa Amin, na mama yule, na mtaa ule, ungetii.

Kwenye suala la kubaki hai kuna jambo linanikera kwenye riwaya nyingi za kihistoria, za kwetu na za nje. Shujaa anabaki hai kwa sababu ni shujaa, ana moyo mkubwa kuliko wenzie, ana upendo. Historia ya kwetu haikwenda hivyo, watu walibaki hai kwa kuwa na ujuzi fulani mdogo ambao mkubwa fulani aliuhitaji, au kwa kukaa upande usio mzuri kwa muda, na hilo ndo linageuka kuwa siri. Chukua askari wa Mjerumani. Kwenye Vita vya Kwanza huku kwetu walikufa wapagazi wengi kupita kiasi, kwa njaa na kuhara kuliko risasi, na kijana aliyejiandikisha uaskari alikula kabla ya mwanakijiji ambaye chakula chake kimeporwa. Baada ya vita huyo askari anarudi, anaoa, anazaa. Anawaambia nini watoto? Kwenye Afterlives ya 2020 Gurnah anamchukua Hamza, kijana ambaye utotoni alikuwa rehani ya deni la baba yake, aliyejitia jeshini kwa hiari yake, anarudi na jeraha, na anapompenda Afiya hana ukoo wa kuutaja. Tazama tena, posa. Mtu ambaye vita havikummaliza anakwama kwenye swali la watu wako ni nani.

Na kaka yake Afiya, Ilyas, ambaye anapotea jeshini mpaka mwisho ndo tunaambiwa yaliyomkuta Ujerumani, msomaji anaweza kudhani kabuniwa kwa ajili ya kuliza watu. Ila mtu kama huyo alikuwepo. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyekuja kujulikana kama Bayume Mohamed Husen, kazaliwa Dar es Salaam 1904, kaingia jeshi la Mjerumani akiwa mtoto, mwaka 1929 akaenda Berlin kudai mshahara wa jeshini ambao haukulipwa, wake na wa baba yake. Hakulipwa. Akabaki huko, akafanya kazi hotelini, akafundisha Kiswahili, akaigiza kwenye filamu ambazo zilihitaji mtu mweusi asimame nyuma ya bwana, akaoa, akapata watoto, na mwaka 1941 utawala wa Hitler ukamkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe, akafia kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Yaani mtoto wa Dar kauawa kwenye kambi ya Manazi kwa sababu ya mapenzi, na nikiuliza watu kumi wa Dar hapa nadhani tisa hawajawahi kumsikia. Halafu tunaambiwa tuna uhaba wa stori.

Sasa nije kwenye lawama, maana kusifu peke yake ni rahisi. Riwaya ya kihistoria ya Kiswahili, hasa ya Zanzibar, ilizaliwa kwa nguvu sana miaka ya sabini na ilizaliwa ikiwa na jibu mfukoni. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, 1978, ina yule Kijakazi ambaye kwangu mi ni mhusika wa kutisha kabisa, mwanamke aliyemtumikia bwana mpaka utii ukawa ndo roho yake, na mwandishi mwenye ujasiri angeweza kuandika kurasa mia mbili ndani ya kichwa cha huyo mwanamke peke yake. Lakini kitabu kina haraka, Mapinduzi yanakuja, na Mapinduzi yakishafika maswali ya ndani ya nyumba yanaonekana madogo. Naelewa, ulikuwa wakati wake, watu walikuwa wanajenga nchi na kwa mara ya kwanza waliofanyiwa dhuluma walikuwa ndo wenye hadithi, hilo si dogo hata kidogo. Ila matokeo yake ni kwamba Januari 1964 ikawa kama pazia la mwisho wa mchezo, siri zote za kabla yake ni za mabwana wabaya, na baada yake hakuna siri.

Mwenyewe Shafi nadhani alilijua hili, kwa sababu Vuta n'kuvute iliyotoka 1999 ni kitabu kingine kabisa. Huyu Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozeshwa kwa Raza, mwanamume anayemzidi umri kwa mbali sana, anatoroka ndoa, ndugu wanamfungia mlango, anapokelewa na Mwajuma huko mtaa wa Ng'ambo, hapo hapo Unguja, anampenda Denge mwanasiasa anayewindwa na polisi wa kikoloni, na mwisho wa yote haishii na Denge, anaishia na Bukheti. Hicho kipande cha mwisho ndo kipande cha mtu mzima. Denge ana harakati zake, harakati hazilei mtoto, na Yasmin anachagua kuishi. Hapo ndo pale mapenzi na kubaki hai vinapogongana bila mwandishi kumsaidia mtu, na alichokichagua Yasmin hakijamfanya msaliti wala mtakatifu.

Lakini nenda kaone inavyofundishwa. Kitabu kimo kwenye riwaya za kidato cha tano na sita, na ukishika zile noti zinazouzwa na kutolewa kopi kila kona, Yasmin kageuzwa kuwa kipengele, nafasi ya mwanamke katika jamii, ametumika kama chombo cha starehe, ametumika kama mwanamapinduzi, taja hoja nne. Mapenzi nayo ni dhamira namba sita, mistari mitatu. Mtoto wa miaka kumi na nane ambaye yuko kwenye umri wa kupenda kuliko umri wowote anasoma riwaya ya mapenzi kali kama hii na anatoka na vipengele. Halafu tunashangaa anamaliza shule hashiki tena riwaya ya kihistoria, anarudi kwenye simulizi za kwenye simu zinazopostiwa sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, itaendelea kesho. Na mi siwacheki hao waandishi wa itaendelea, tena nawaheshimu, wanajua kukata sehemu pale pale roho inapotaka kutoka, wanajua siri itolewe kwa kijiko gani. Wanachokosa ni nyenzo tu, wanarudia bosi tajiri na dada wa kazi mpaka basi, wakati huyo huyo bosi na huyo huyo dada wa kazi wakiwekwa Pangani ya 1895 stori inapata meno.

Na pazia la 1964 linahitaji kuvutwa kwa Kiswahili. Haini ya Shafi, 2003, ilithubutu, imesimama juu ya kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Karume Aprili 1972, na mwandishi mwenyewe aliwekwa ndani wakati huo kwa hiyo hakuwa anasimulia ya kuambiwa. Ila hiyo ni jela. Nyumbani je? Mwaka 1970 mabinti wanne wenye asili ya Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu kwa watu wazima wa Baraza la Mapinduzi, dunia nzima iliandika, na pale Unguja kulikuwa na familia zinaficha mabinti, zinawatorosha kwa ngalawa, zinawaozesha haraka haraka kwa binamu ili waonekane wana waume. Ndoa ngapi za namna hiyo zilikuja kuwa mapenzi ya kweli na ngapi zilikuwa kifungo cha maisha? Waliokimbilia Oman na Dubai walifika huko wanaongea Kiswahili kuliko Kiarabu, wakaulizwa upya yale yale, nyie ni wa kabila gani, bibi yenu alikuwa nani, na safari hii jibu la kwamba bibi alikuwa wa Unyamwezi ndo likawa la kufichwa. Yaani familia moja inaweza kuwa imeficha Uafrika kabla ya 1964, ikaficha Uarabu baada ya 1964, halafu ikafika Maskati ikaanza kuficha Uafrika tena. Nitajie tamthilia ya Kituruki yenye fundo kama hilo.

Habari hizi zimeandikwa zaidi kwa Kiingereza, na waandishi walio mbali, na mi sina shida na walio mbali, umbali unampa mtu nafasi ya kusema. Shida ni nani anasoma. Paradise ya Gurnah ilitoka 1994, na Kiswahili chake, Peponi, kazi nzuri ya Ida Hadjivayanis, kimetoka 2022, miaka ishirini na nane, na kilihitaji Nobel kukisukuma. Katika huo muda kizazi kizima cha wazee ambao wangesoma wakasema hapana, haikuwa hivyo, sisi ilikuwa hivi, kimeshalala. Riwaya ya kihistoria inahitaji wazee wa kuibishia.

Upande wa Kenya nako akiba imejaa. Frere Town pale Mombasa ilianzishwa 1875 kwa ajili ya waliokombolewa kwenye majahazi, watu wa makabila ambayo hayajawahi kukutana wanawekwa mtaa mmoja, wanapewa majina ya Kizungu, na wanaoana. Bagamoyo nako mapadri walikuwa wanakomboa watoto, wanawalea, wakishakua wanawaozesha wenyewe kwa wenyewe kwenye kijiji cha Kikristo. Hapo kuna posa ambayo haina wazee, haina wa kumuuliza ukoo, hakuna bibi mwenye kumbukumbu, padri ndo mshenga na padri ndo baba wa pande zote mbili. Sasa mtu aliyeoa hivyo, halafu miaka kumi baadae anatokea mgeni kutoka ziwa Nyasa anasema huyu mwanamke ni dada yangu, au mbaya zaidi, huyu mwanamke ni mke wangu. Mi hapo sihitaji vita wala sultani, hiyo peke yake ni vitabu viwili.

Kwa anayetaka kuanza, asianze na vita vya 1896 vya Waingereza na Zanzibar vilivyokwisha kabla ya chai, wala asianze na Said na Majid, hao wana watu wao. Aende Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani aombe mafaili ya zamani ya mirathi na kesi za mahakama, asome watu wa kawaida wanavyogombania minazi mitatu na kitanda cha samadari, mashahidi wanasema yule hakuwa mke yule hakuwa mtoto. Majina ayabadilishe, maana wajukuu wapo. Halafu arudi nyumbani ampigie shangazi yake, yule wa tamthilia, amuulize babu alivyooa.